Kilicho Chini ya Shamba la Baba

Shard End, Birmingham
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mdogo wangu mpendwa Kibet,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo tu, maana kazi ya kuwahudumia wazee ni ya kuinua na kugeuza. Wewe u hali gani? Watoto je? Ile mizinga ya Baba bado inatoa asali? Mkeo Nyambura sijui nimsalimu kupitia kwa nani, kwa kuwa tangu mlipokosana juu ya hati ya shamba iliyopotea yuko kwao Nyahururu, mwaka wa tatu huu. Habari zake nitazifikia.

Kibet, nimejiwa na mtu. Anaitwa Xavier, Mkenya mwenzetu, viatu vyake vinang'aa hata siku ya mvua, na hapa mvua hatuikosi. Alinifuata baada ya maombi yetu ya nyumbani kule Stechford, akasema kuna kampuni inayonunua haki ya mafuta na gesi iliyo chini ya mashamba ya Bonde la Kerio. Shamba linabaki letu, mbuzi wanabaki wetu, wao wananunua cha chini tu. "Auntie, wewe relax," aliniambia, "ni kusign tu na kunipa ile title." Akaongeza kwamba wewe umeshakubali.

Nisamehe, lakini nilikudhania papo hapo. Nilikumbuka ulivyouza ng'ombe wa Baba bila kuniambia, nikasema moyoni sasa amefika kwenye udongo. Nilikupigia simu nikazungukazunguka, nikakuuliza habari za wale waliokuwa wakichimba kisima cha mafuta. Ukacheka, ukasema waliondoka zamani na hata gari lao hujaliona tena. Nilikisikiliza kicheko chako kwa makini, nikakiona cha uongo.

Jumanne nilizipeleka zile karatasi Perry Barr, kwa mzee Tarlochan ninayemhudumia. Yeye alikuwa mpima ardhi. Alizisoma mpaka chai yake ikapoa, kisha akaniuliza mafuta ya chini ya ardhi kwetu ni ya nani, kwa sababu hapa Uingereza hata yakibubujika bustanini kwake si yake. Nikatafuta sheria yetu: kumbe hata kwetu ni ya umma, si ya mwenye shamba! Basi Xavier ananunua nini? Mzee akanionyesha ukurasa wa sita, kwa maandishi madogo, kwamba hati halisi itakaa kwa kampuni, nayo yaweza kuiweka rehani benki. Mafuta hayakuwamo kabisa. Alichotaka ni hati.

Hapo nikajiuliza: Nani alimwambia aje kuitafuta kwangu? Si wewe, maana wewe mwenyewe hujui iliko. Ni mimi, Kibet. Mwezi wa tatu, kila mtu alipokuwa akitaja haja yake ya maombi, nilisimama nikaomba niombewe amani juu ya hati ya Baba niliyoificha nyumbani kwangu hapa. Tulishikana mikono tukaomba, na Xavier, wa pili kutoka kwangu, aliitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Ndiyo, hati ninayo. Niliitoa kwenye sanduku la Baba wiki ya mazishi, nikaishonea ndani ya begi langu, nikihofia utaiuza. Ulipomwita Nyambura mwizi nilikuwa kwenye simu, nikanyamaza. Nyote mlimshuku haraka kwa kuwa hakuzaliwa kwetu, nami niliyejua ukweli nikamwacha afungashe nguo zake. Naona aibu hata kuandika.

Xavier nimemnyima saini, na kwenye maombi haonekani tena. Hati inakuja na jirani yangu Safiya, anayesafiri Ijumaa kumwona mamake Nairobi. Usiende kumpokea. Nimemwomba aifikishe Nyahururu, aitie mkononi mwa Nyambura pamoja na nakala ya barua hii. Ukiitaka, ifuate huko, na kama mlango utafunguliwa ni shauri lake.

Wabusu watoto, uwaambie ni shangazi yao aliyemfukuza mama yao. Na kama bahasha hii imekufikia ikiwa imefunguliwa, nijulishe aliyeileta. Tabia yangu unaijua.

Dada yako aliyekudhania vibaya,
Jelagat