Maji ya Matanga

Nyamasaria,
Kisumu.
17 Februari 2025

Mpendwa ndugu yangu Calvince,

Pokea salamu za dada yako Seline. Natumaini u mzima huko Doha, na kwamba kazi haijakuvunja mgongo. Sisi tunapumua. Barua hii nampa Winny, anayesafiri kuja huko, akukabidhi mkononi, kwa sababu simu zako hunikuta nikiwa kwa Mama kijijini, naye hukaa ubavuni mwangu, nami siwezi kusema lolote la maana.

Kiangazi kimetubana. Hapa kwenye hoteli yangu mfereji unatoa hewa tu, kwa hiyo nanunua maji ya mkokoteni. Maji ya kusuuzia sahani ndiyo ya kupiga deki, na yakishapiga deki yanaingia chooni. Wateja wakitaka kunawa nawamiminia kidogo kwa kikombe. Wananuna, nami nanuna zaidi. Ninyi mnaoishi jangwani mnaoga asubuhi na jioni, sisi wa kando ya ziwa tunanuka. Cheka tu, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa nikwambie la Mama, maana ndilo lililonishikisha kalamu.

Lile tangi ulilomnunulia limejaa tangu mvua za mwisho, na Mama hanywi hata tone. Mfereji wake ameufunga kwa kufuli, ufunguo anatembea nao shingoni pamoja na rozari. Yeye mwenyewe anateremka ziwani na mtungi, na maji ya ziwa siku hizi ni ya kijani kama mchuzi wa sukuma wiki.

Yalianzia kwa jirani yetu, Mzee Oyugi. Alipofariki mwaka jana, maji yaliisha matanga yakiwa bado mabichi. Waombolezaji walikula ugali na samaki bila kunawa, wapishi wakaacha masufuria machafu uani wakaenda zao, na hadi leo boma lile linasemwa sokoni. Mama akaapa kwamba la kwake halitasemwa. Maji ya tangi ni ya watu watakaokuja kumzika.

Nilidhani ni mzaha wa uzee. Nikampelekea katoni za maji ya chupa. Siku nilipofagia chumba chake nikazikuta chini ya kitanda, hazijafunguliwa. Amewawekea padri na kwaya.

Mwezi uliopita taifodi ilimlaza. Daktari aliniita kando akaniambia figo zimeanza kuchoka, na kwamba sasa anahitaji maji safi, mengi, kila siku. Nikamchemshia ya ziwa. Akayaonja, akayamwaga kwenye mboga za bustani, eti yananuka moshi. Nilipogeuka alikuwa anakunywa yaleyale ya kijani.

Hasira zikanipanda. Nikamleta fundi Mathews akate kufuli. Mama alitoka na kigoda chake, akaketi akiegemea tangi, akasema polepole: "Kata, nyara, binti yangu. Lakini ukikata, usiguse mwili wangu nikifa." Mathews alikusanya vyombo vyake akaondoka bila kuaga. Unajua kwetu maneno ya mzazi kama hayo hayachezewi. Nililia njia nzima hadi Kisumu, na sikuona haya.

Nawe ukipiga simu anakuambia maji ya tangi ni matamu. Anakudanganya, Calvince. Miguu imemvimba hata viatu havimwingii, na bado anajikokota ziwani.

Mimi amenishinda. Ila kila akilitaja tangi hilo husema ni la mwanawe, si lake. Wewe ukisimama mbele yake ukamwomba maji ya kunywa, hawezi kukunyima, na Mama hajawahi kumwacha mtu aliyetoka safarini anywe peke yake. Usingoje Desemba. Omba ruhusa kazini, kopa nauli, gombana nao ikibidi.

Wasalimie vijana wenzako mnaokaa pamoja. Shangazi Lornah anakuombea, na Opiyo, shemeji yako, anakusalimu. Mungu akufungulie njia upesi, umkute Mama akiwa bado na kiu, mnywe naye. Ukichelewa, tangi utalikuta limejaa, nami nitakumiminia maji yake unawe mikono ukitoka kaburini.

Dada yako akupendaye,
Seline