Kibao cha Madam Wagaki

Ekalakala, Jumapili

Mama mpendwa,

Natumai cherehani za Athi River hazikuchoshi sana. Huku nyanya yuko sawa, na mbuzi amezaa mapacha.

Shuleni bado ukiongea Kikamba unavalishwa kibao shingoni. Mimi sijawahi kukivaa. Tangu uende nilikuwa nimenyamaza kabisa, na walimu wakasifu adabu yangu. Madam Wagaki pekee, mwalimu wetu mpya kutoka Thika, ndiye alishtuka. Ijumaa darasani aliinama karibu nami, akajaribu Kikamba kwa shida: "Wĩ mũseo?" Uko sawa?

Nikajibu, "Aiee." Hapana.

Darasa likapiga kelele, "Kibao!"

Mama, alikivaa yeye mwenyewe, na akatembea nacho hadi kengele ya kwenda nyumbani.

Wako ambaye sasa anaongea,
Mutanu