Trekta Linalovuma Asubuhi Tu

Jumatatu, 14 Julai 2025

Limewaka! Miaka mitatu trekta la Baba limelala nyuma ya nyumba, tangu tulipomzika. Leo Nicanor kalitia betri, kasafisha njia za dizeli, likakohoa mara mbili, likawaka. Nicanor ni fundi wa Changamwe, kazi yake mitambo ya bandarini. Nikapiga vigelegele peke yangu uani, na nyuzi zimenijaa kichwani kutoka kwenye cherehani.

Furaha haikumaliza dakika. Injini ikaanza kupanda yenyewe. Hakuna aliyegusa kitu — vuuuum! Ikashuka. Ikapanda tena, zaidi. Mkono wa kuongezea mafuta uko chini kabisa, lakini trekta halina habari. Kuku wa Dorothy jirani wakaruka ukuta. Mmoja hajarudi.

Kaka Hamoud akatoka na kikombe cha chai. Anasema hii si mashine, ni fujo. Ameshazungumza na watu wa chuma chakavu, lori lao linakuja Jumamosi ya tarehe 26, saa moja asubuhi. Trekta likiweza kunguruma nusu saa kwa mwendo mmoja mbele ya macho yake, litabaki. Likishindwa, linapakiwa. Anataka nafasi ya kuegesha gari lake, gari lenyewe analifunika shuka utadhani lina homa.

Sitaki liende. Baba alilima nalo Utange miaka thelathini, na shamba la Utange bado lipo, nataka kulima mihogo. Lakini hata lingekuwa halina kazi, nisingetaka liende. Basi.

Jumatano, 16 Julai

Nicanor alikuja baada ya zamu yake. Akashuku vile vyuma vinavyotoka kwenye mkono wa mafuta hadi kwenye pampu. Vimelegea, vinacheza. Akavikaza, akabadilisha na springi. Tukawasha.

Vuuuum.

Akasema, "Madam, wacha stress, tumeondoa moja." Tumeondoa moja kati ya ngapi, sikuuliza.

Ijumaa, 18 Julai

Tumeipata! Kumbe trekta hili la zamani linajizuia kwa hewa. Kuna mpira mwembamba unatoka pale injini inapovutia pumzi, unaingia kwenye kikopo nyuma ya pampu. Ndani ya kikopo mna ngozi ya duara, pana kama kisahani. Injini ikienda mbio, hewa inaivuta ngozi, na ngozi inapunguza mafuta. Ndiyo breki yake. Na ngozi yenyewe imekauka kama mkate wa juzi! Haivutiki. Injini inakwenda mbio na hakuna wa kuiambia basi.

Haikupasuka, alhamdulillahi. Nicanor akasema niilainishe kwa mafuta mepesi, akaondoka kuwahi zamu.

Mafuta mepesi. Mama alikuwa kaketi mlangoni anajipaka nywele. Nikamuuliza: Mama, ngozi kavu hulainishwa na nini? Akanitazama kana kwamba nimemuuliza jua hutokea wapi. Mafuta ya nazi, mwanangu! Viatu vya marehemu babako alivilainisha na nini? Na hizi nywele? Akanipa chupa, kayakamua mwenyewe.

Nikaichovya. Nikaikanda mpaka ikawa laini kama sikio. Saa tisa alasiri nikarudisha kila kitu, nikawasha. Mwendo mmoja! Nikasikia raha mwilini kote. Nilitamani Baba asikie.

Jumamosi, 19 Julai

Nilimwamsha Hamoud saa moja asubuhi aje aone.

Vuuuum.

Sitaki kuandika zaidi.

Saa kumi alasiri: Naandika zaidi. Nimelijaribu sasa hivi. Limetulia kabisa! Hamoud hayupo, kaenda mjini. Kwa nini wewe trekta unaniaibisha?

Jumatatu, 21 Julai

Asubuhi likavuma. Nikampigia Nicanor. Akaja saa kumi, akawasha, likanguruma vizuri kama paka aliyeshiba. Akanitazama. Nikamwapia kwamba asubuhi lilivuma. Akasema, "Madam, hii kitu iko sawa. Pengine unaiwasha na hasira."

Na hasira! Nimeshona madera ishirini ya harusi wiki hii bila kumchoma mtu sindano.

Jumanne, 22 Julai

Mama ametoa hukumu: jini. Tena jini la asubuhi, wako wa hivyo. Alfajiri akatoka kajitanda leso mbili juu ya sweta, maana baridi ya Julai mwaka huu haina adabu, na chetezo cha ubani mkononi. Akalizunguka trekta mara tatu akisoma. Kisha akakiweka chetezo chini ya pampu, makaa mekundu, moshi unapanda, akaniambia nisubiri robo saa.

Nikawasha nikimcheka kimoyomoyo.

Mwendo mmoja! Saa moja asubuhi!

"Ndoo uone kwa mato yako," akamwita Hamoud. "Mulisema mimi mzee." Hamoud akaja, akasikiliza, akasema hiyo ni bahati, na kwamba Jumamosi hataki ubani, hataki moshi, anataka trekta. Nguo zake za kazini zinanuka kama harusi.

Jumatano, 23 Julai

Mimi ni fundi cherehani. Uzi ukikatika hovyo, hubadilishi mashine nzima. Unabadilisha kitu kimoja, unashona, unatazama. Kwa hiyo leo nilikiweka chetezo mbele, karibu na taa, mbali na pampu. Ubani tele, mpaka Dorothy akapiga chafya kwake. Nikawasha.

Vuuuum!

Nikazima. Nikakirudisha chini ya pampu, sasa makaa matupu, ubani hata punje. Nikangoja robo saa.

Limetulia.

Basi jini haliogopi ubani. Linaogopa joto. Jini gani hilo? Nimeshinda nalo kichwani siku nzima, nimeshona mkono wa dera la watu shingoni.

Alhamisi, 24 Julai

Mjinga! Mjinga wa kutupwa! Mimi, binti wa Mombasa, nimezaliwa Kisauni hapa, na sikuliona.

Asubuhi Mama alikuwa anaigonga chupa ya mafuta ya nazi kwenye kiganja. Hayatoki. Yameganda, meupe kama samli. Akanituma niiweke juani. Nimeifanya kazi hiyo kila Julai tangu nikiwa na miaka mitano! Nikasimama pale na chupa, nikaligeukia trekta.

Ngozi ya trekta imelewa mafuta ya nazi. Asubuhi ya baridi yanaganda, ngozi inakakamaa, hakuna wa kuizuia injini. Alasiri yanayeyuka. Makaa ya Mama yanayayeyusha vilevile.

Nikampigia Nicanor. Nikamsimulia habari ya nazi. Kisha akaniuliza taratibu: mafuta ya kupikia? Nikasema ya nywele. Akacheka mpaka simu ikakatika. Akapiga tena, akacheka tena. Alipopata pumzi akaniambia niioshe ngozi kwa dizeli, niikaushe, niipake mafuta mepesi ya mashine, yale ya cherehani yatafaa.

Ya cherehani! Chupa ipo mezani kwangu, hatua kumi kutoka kwenye trekta, wiki nzima inanitazama.

Ijumaa, 25 Julai

Saa moja asubuhi, baridi, chupa ya Mama nyeupe tena. Nimewasha bila makaa, bila ubani. Limenguruma dakika arobaini mfululizo. Hamoud alikuwa kashatoka, bila shaka.

Nikamweleza Mama habari ya kuganda. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema ni kweli kabisa, na ndiyo maana jini lilipapenda pale.

Naogopa kesho. Nimetia vitu vingi kwenye hili trekta mpaka sijui nikilikosa nitajishika wapi.

Jumamosi, 26 Julai

Naandika barazani, daftari magotini.

Lori limefika mapema. Vijana wawili wameshusha mbao za kupakilia. Hamoud akatoka na saa mkononi. Nikawasha. Mwendo mmoja. Dakika kumi. Ishirini. Dorothy kaja na kiti. Nusu saa ikatimia, na injini haijapanda wala kushuka.

Hamoud akasema kunguruma likiwa limesimama hata jiko la mchina laweza. Anataka kuliona likitembea. Hayo hatukukubaliana! Nikafungua mdomo nimpe yake, akanipita, akakunja suruali ya kazini, akapanda mwenyewe.

Hamoud! Ambaye Baba alimharamishia usukani tangu akiwa na miaka kumi na mbili, alipoingia na trekta kwenye choo cha majirani. Likaruka mara moja, likashika njia.

Sasa yuko kwenye raundi ya tisa ya kiwanja. Kofia imeanguka raundi ya pili, hakusimama. Ya nne alikuwa anacheka peke yake. Ya sita aliwapigia kelele watu wa lori waliondoe, linamziba njia! Wameliondoa. Wamekaa kwenye mbao zao, wanangoja waambiwe.

Tangu ya saba anapiga kelele nyingine kila akifika usawa wangu. "Mahfoudha! Linazimwaje?" Maana ufunguo hauizimi injini hii, kuna waya wa kuvuta chini ya usukani.

Mama ananitazama. Watu wa lori wananitazama.

Mimi naandika. Hiyo ya kumi inakuja.