Mwalimu Towela na Ndoo ya Jua

Ni mwaka mmoja sasa tangu utuachie ndoo yako ya bluu, Towela mke wangu, na hapa ufuoni kwetu Nkhata Bay hakuna mtoto asiyejua kazi yake.

Ulikuwa hodari wa kupika usipa, dagaa wa ziwa letu, kwa nyanya, na hukujua kunyamaza. Hadithi zangu za uvuvi ulizikata mbele ya wageni: “Mume wangu, huyo samaki wako mpasa jana alikuwa urefu wa mkono. Usiku amekula nini?”

Lakini fahari yetu ni ule mchezo uliowafundishia wanafunzi wako. Wewe ulikuwa jua, umeshika ndoo iliyojaa. Watoto walijipanga: ukijani wa majini, vidudu, usipa, mpasa, na mwishoni furukombe, ndege mla samaki. Kila mmoja alipokea maji kikombeni, akamwaga karibu yote mchangani, maana hiyo ndiyo nguvu aliyoitumia kuishi, kisha akampa anayemla kilichobaki.

Bwana Kondowe, mkuu wa wavuvi, alikuja shuleni amefura. Alitisha kwamba ukiendelea kusema kuvua kwa vyandarua vya mbu kunamaliza usipa wachanga, angewaondoa wanawe na kuwashawishi wenzake wafanye hivyo hivyo. Darasa lingebaki tupu. Ukamkaribisha mchezoni. Akachagua ufurukombe, kwa ukubwa wake. Akapata tone.

“Mwalimu, mimi mkubwa wa wote, ndicho hiki tu?”

“Wenzako nao wameishi, Bwana Kondowe. Wewe umekula masalio.”

Kisha ukawaambia watoto waliokuwa usipa wakae chini. Maji yakaishia kwa vidudu. Bwana Kondowe akakichungulia kikombe chake kikavu, watoto wakipiga kelele: “Furukombe, nenda kaombe nsima!” yaani ugali wetu.

Jioni ile alivitoa vyandarua vyake ziwani. Wavuvi wengine walinuna, kisha wakafuata. Mvua za mwaka huu mpasa wamepanda mtoni wengi mno, hata nikisema kweli tupu naambiwa nimeanza tena hadithi zangu.

Jumamosi iliyopita, baada ya kukuombea, watoto walijipanga. Nafasi ya jua ikabaki wazi. Hakuna aliyethubutu kuigusa ndoo. Bwana Kondowe akainyanyua, akaenda nayo ziwani, akarudi imejaa, suruali imelowa hadi magotini.

“Ufurukombe nimeuchoka,” akasema. “Leo niacheni nitoe.”

Unakumbukwa nami mumeo Yakobe Longwe, binti zetu Tiwonge na Lusungu, dada yako Ndaziona, wajukuu, na wote uliowalowesha viatu.

Daima tutakukumbuka, Towela. Ndoo imejaa.