Nishike simu au nishike kichwa

Mwenzangu, tumetoka kwa yule daktari wa bodi ya mafao sasa hivi. Nimekaa kwenye ngazi za jengo lao, nakuandikia kwa hasira.

Kaka amenyimwa mafao. Kifafa miaka sita, kiwandani hawamtaki tena tangu aanguke akiwa ameshika mashine ya kuchomelea, na amenyimwa!

Unajua kwa nini? "Sijamwona akianguka." Mtu mzima na koti lake jeupe, anasema hivyo bila aibu. Dakika tano alizokaa naye kaka hakuanguka, basi ni mzima.

Barua ya daktari wetu, kurasa nne, hata hakuifungua. Aliweka kikombe chake cha chai juu yake.

Kaka naye na utani wake: "Daktari, nipangie tarehe, nije nianguke." Hakutabasamu. Akanigeukia mimi: "Akianguka tena, mrekodi kwa simu. Lete video, tutafikiria."

Tutafikiria!

Mimi huyu, ambaye chuoni sikuwahi kunyoosha mkono, nikamuuliza: "Sasa daktari, nishike simu au nishike kichwa chake?"

"Si umpe mtu mwingine ashike?"

"Ashike kipi?"

Daktari akapaza sauti: "Anayefuata!"

Nimeichomoa barua chini ya kikombe. Ina duara la chai juu ya jina la kaka. Kesho nakata rufaa, na naipeleka hivyo hivyo, na duara lake. Si wanataka ushahidi wa kuonekana kwa macho?