Yule Kijana wa Kwenye Tamthilia

Happy,

Uji wa Bibi uko kwenye chupa. Dawa ya macho mwekee saa nne. TV usiwashe.

Nimekuandikia kwa sababu Bibi haoni vizuri lakini anasikia hata mjusi akipita. Baba yako amepiga simu kutoka hospitali. Baba yako mdogo Andrea amefariki.

~~Bibi akimuulizia mwanawe, mwambie anaendelea vizuri.~~

Hapana, usimwambie hivyo. Unaijua ile tamthilia ya kigeni ninayomsomea maneno yanayoandikwa chini kila jioni. Walioitunga wana roho mbaya. Mtu akicheka mara mbili tu, kesho gari linamgonga. Juzi wakamuua yule kijana aliyekuwa akimpikia mama yake. Mimi nikamwambia Bibi kijana amepata kazi mbali. Nikajiona nimetunga vizuri kuliko wao.

Leo asubuhi nilipomaliza tu kuongea na simu, akaniita. "Mama Happy, yule kijana alikufa, siyo? Nilimsikia mama yake analia."

Nikaiweka simu mfukoni.

"Nilikuacha kwa sababu ni wa kwenye TV," akasema. "Wangu usinitungie."

Nimekwenda kumchukua mchungaji Likombe, kisha shangazi yako Mtawanya, tuje tumwambie pamoja. Funga mlango, majirani wasitutangulie.

Akikuuliza kabla hatujafika, mshike mkono tu. Atasikia.

Mama