Hamira ya Mjomba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekupa nafuu na wadogo zangu hawakusumbui. Mimi ni mzima, ingawa utasikia mengine. Mjomba atafika kwako kabla ya barua hii, akuambie nimemvunjia heshima mbele za watu. Ni kweli. Msikilize mpaka amalize, kisha unisome.

Alinichukua kiwandani kwake, anakotengeneza chakula cha mifugo, nimtunzie ng'ombe wa majaribio. Alikuwa ameanza kuuza hamira ya kuchanganya kwenye chakula hicho. Ng'ombe akishindiliwa nafaka, tumbo la kucheulia huchachuka kama uji uliolala. Huacha kucheua, huharisha mapovu, hata kusimama huwa taabu. Na hamira si uongo, mama. Waliougua kidogo niliwapunguzia mahindi, nikawarudishia majani makavu pamoja na hamira, wakaanza kucheua upesi kuliko wenzao waliopewa majani matupu. Nilimpelekea Mjomba habari hiyo kwa furaha. Akaisikia nusu. Akachapisha kwenye mifuko kwamba mwenye hamira alishe mahindi apendavyo.

Nilimwambia hamira hulisaidia tumbo, haiwezi kulibebea mzigo wote. Akacheka, akaniuliza tangu lini yai likamfundisha kuku. Daktari wa mifugo aliposema kama mimi, alifungiwa geti.

Basi juzi akawaita wafugaji, ukumbi ukajaa. Alipomaliza kuisifu bidhaa yake, nilisimama. Nikasema hamira ni nzuri, ila maneno yaliyochapishwa kwenye mifuko yataua ng'ombe, na tayari yameua mmoja hapa hapa.

"Kaa chini, mwanangu," Mjomba akasema, polepole.

"Nitakaa nikimaliza, Mjomba."

Nikamaliza. Mama mmoja wa makamo akauliza basi alishe nini, nikamweleza: majani kwanza, nafaka kidogo kidogo, hamira baadaye. Wengine waliondoka wakinong'ona. Wengi waliacha kwenye viti mifuko waliyogawiwa. Jioni ile nilitolewa mizigo yangu nje. Sasa nazunguka mazizini na daktari, na kazi ipo.

Najua utaniambia niende nikamwangukie, kwa kuwa ndiye aliyenisomesha. Kwako nitapiga magoti hata kwenye kokoto. Kwake siendi, na sababu ni hii ambayo sikutaka uisikie kwa mwingine. Ng'ombe aliyekufa ni Kidoti wako, uliyemkabidhi Mjomba amtunze. Hakugongwa na nyoka kama ulivyoambiwa. Mimi nikiwa nimetumwa mjini, Mjomba aliamuru ajazwe mahindi ili maziwa yake yawashangaze wageni, akisema hamira itamlinda. Niliporudi alikuwa amelala, hageuzi hata shingo. Alikufa kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Kabla hajapoa, Mjomba alishapata nyoka wa kumsingizia.

Wasalimie wadogo zangu, na majirani wanaoniulizia. Mjomba naye msalimie, bado ni ndugu yako. Ila usimwambie kwamba nimejuta.

Ni mimi,
kifungua mimba wako.